Kinanda Kilichovuka Chania

Mama yangu, Mukonyo, alikuwa ameapa kwamba mjukuu wake hataitwa Mwanzia. Na Mama akiapa, hata kasisi hujinyamazia.

Sisi Wakamba, mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, na wanawake humpa jina hilo siku ya tatu. Ndugu yangu Kaleli, aliyepewa jina la babu yetu, alikuwa na mabinti watupu, hatimaye mkewe Nduku akajifungua mvulana. Jina lilijulikana. Shida ni kwamba huyo babu, baba yetu, alikuwa mtoro. Aliondoka kwenda kumbebea mzungu kinanda kuvuka mto Chania, enzi zile reli haijafika Thika, na hakurudi. Nyapara alikuja kumwambia Mama kwamba mumewe ametorokea pwani na mwanamke. Mimi nilikuwa natambaa, Kaleli yuko tumboni. Tangu hapo jina hilo likitajwa, Mama hutema mate.

"Ataitwa Kiilu, kama kaka yangu," alisema. "Nikisikia Mwanzia humu ndani, mimi nahama."

Kaleli alibishana naye hadi akachoka. Yeye alikuwa karani Ruiru, kwenye shamba la kahawa la bibi mmoja wa kizungu aliyeandika kitabu kuhusu walowezi wa kwanza. Redio ya Nairobi ilikigeuza kuwa mchezo wa Kiswahili, na bibi huyo akampendekeza Kaleli, kwa ile sauti yake nzito ya kanisani, aigize mmoja wa wapagazi. Tulijivuna sana. Sasa nikikumbuka tulivyojivuna, naona aibu.

Jumamosi ya mchezo, mtoto akiwa na siku mbili, nilimpeleka Mama mjini Thika kwa Idarous, kwa sababu mkahawa wake ulikuwa na redio. Idarous alimwekea kiti karibu kabisa.

"Karibu mama. Leo mwanao anatuburudisha, chai ni ya bure."

Kila Kaleli alipotamka neno, Mama alinipiga kiwiko, kana kwamba mimi sijui sauti ya ndugu yangu. Wapagazi walifika mtoni. Mto ulikuwa umefurika. Halafu yule bwana wa kizungu wa mchezoni akapaza sauti:

"Wewe, Mwanzia wa Kaleli! Shika kamba ya kinanda!"

Chai ilinipalia. Mama aliacha kutafuna, andazi likiwa bado mdomoni. Baadaye niliambiwa kwamba wazungu wote wa kitabuni walikuwa wamebadilishwa majina. La mpagazi hakuna aliyeona haja ya kulibadilisha.

Mpagazi aliteleza. Kamba ilikuwa moja, imefunga kinanda na mtu, na waliokuwa ukingoni hawakuweza kuvuta vyote viwili. Bwana akaamuru kamba ikatwe upande wa mtu. Ndipo tukaisikia sauti ya Kaleli, sauti ya mtoto wake mwenyewe, ikisema: "Niache mimi, bwana. Okoa kinanda cha memsabu."

Maji yakavuma. Kisha, wallahi sijawahi kusikia jambo la kikatili kama lile, kinanda kikaanza kupigwa. Wimbo mtamu, wa polepole. Msimulizi akasifu uaminifu wa watumishi wa zamani, na wateja wawili watatu wakapiga makofi.

"Lahaula!" Idarous alisema alipouona uso wa Mama, akazima redio.

Njia nzima hadi nyumbani nilikuwa na hasira, nisijue nimkasirikie nani kwanza.

Asubuhi ya Jumapili wanawake walikuwa wameshakusanyika uani Kaleli alipowasili kutoka Nairobi. Mama alimzuia mlangoni.

"Ulijua?"

"Nilijua nilipopewa karatasi za kusoma, Mama. Nilishindwa kukuambia. Nikaona heri usikie hivyo."

"Na hayo maneno ya 'niache mimi'?"

"Yaliandikwa hivyo."

"Baba yako alikuwa hawezi kuazimisha jembe bila ugomvi. Leo atoe roho yake kwa kinanda cha mtu?"

Akamzaba kofi. Kaleli, mtu mwenye mvi! Kaleli aliinamisha kichwa tu, machozi yakimtoka.

Mama akamwendea Nduku, akapokea mtoto.

"Huyu ni Mwanzia," alisema.

Wanawake walivuta pumzi wapige vigelegele. Kwetu bibi humtania mjukuu aliyechukua jina la mumewe, humwita mume wangu, na watu hucheka. Tulingoja kucheka. Mama alimfunua mtoto uso, akamwinamia.

"Mume wangu," alisema. "Nimekutukana miaka yote hii, na wewe uko majini."