Bundi wa Mzee Lewa Ataga

"Haki ya Mungu, hili ni kweli tupu, na nikiongopa nianguke hapa hapa," aliapa Mzee Lewa mbele ya mashine ya kusaga unga pale Vitengeni. "Bundi wangu nimemtoa msitu wa Arabuko kunilindia mtama. Kichwa hukizungusha hata akajikuna mgongo bila kuhamisha mguu. Chiriku ni nini mbele yake? Kidege chepesi kama ganda la karanga. Bundi akikohoa, kundi zima lazimia."

"Lakini bundi hukesha, chiriku hushinda," alisema Jedida, jirani yake mfuga kuku aliyehamia kutoka bara. "Mtama ukiliwa mchana, mlinzi wako si amelala, mzee?"

Neno hilo lilimchoma. Kabla ya kustaafu, Mzee Lewa alikuwa bawabu wa usiku kwenye kiwanda cha chumvi.

"Wangu hulala jicho moja wazi, mama."

Basi wakawekeana dau. Chiriku wakimkimbia bundi, Jedida atatoa jogoo wake mwekundu. Wakiula mtama, mzee atamwamia Jedida ndege, awafukuze shambani mwake hadi mavuno, kila alfajiri juu ya dungu la mlinzi. Naye alistaafu ili alale mpaka kuche.

Siku za kwanza, kundi lilishuka kama vumbi, likamwona bundi juu ya nguzo, macho yakimetameta, likageuka hewani. Mzee akacheza kwenye matuta kama bwana harusi. Watu walishangilia kutoka barabarani, wala hakuna aliyesogea. Nani atake kumkaribia bundi?

Kisha chiriku wakarudi, nyasi midomoni, wakamwendea bundi moja kwa moja. Mzee akawanyooshea kidole.

"Mwaona? Wamletea kodi."

"Na huo mtama wanaomenya ni wa nani?" aliuliza Jedida. Bundi walishamlia vifaranga mpaka hofu ikamwisha. Akaegemeza ngazi, akapanda, akamtia bundi mkono tumboni. Barabarani watu wakafunika nyuso.

"Mzee, huyu ni dume au jike?"

"Dume la haja."

"Basi dume lako limetaga. Mayai meupe, kama maharagwe."

Akainua kichwa cha bundi wamwone wote: makumbi ya nazi na vizibo viwili vya soda. Kicheko kilisikika hadi kwenye mashine.

"Bundi wa Arabuko hujigeuza makumbi akiona ngazi," alijaribu mzee.

"Kirudishe kichwa, Jedida," mtu akaita, "mama asinyeshewe na wanawe."

Kesho yake, kabla ya jua, Mzee Lewa alikuwa juu ya dungu la Jedida akipiga debe, sauti imemkauka. Jedida akamletea chai.

"Shikamoo, mzee. Umelala jicho moja wazi?"

"Marahaba. Panda, nikusimulie chiriku aliyenikonyeza sasa hivi. Haki ya Mungu—"

"Piga debe, mzee."

Akapiga.