Swali Kuhusu Muuguzi wa Terikiata

Swali namba thelathini na moja lilikuwa na mistari miwili tu, na Nei Rotia alilisoma akiwa amesimama, mkoba ungali begani. *Je, kituo cha afya cha Terikiata kina muuguzi? Na kama kina, ni nani?* Chini yake palikuwa na jina la mbunge wa kisiwa hicho, Ten Biribo, Ten kwa wanaume kama Nei kwa wanawake, mwalimu mstaafu aliyemfundisha Rotia kuandika jina lake kwa kijiti, mchangani, miaka arobaini iliyopita.

Kazi ya Rotia pale wizarani ilikuwa kuandika majibu. Mawaziri walijaa na kupwa kama maji ya wangwa, yeye alibaki. Kila Bunge lilipokaribia kuketi, maswali ya wabunge yalishushwa mezani kwake, naye akayatengenezea sentensi zilizoweza kupita mchangani bila kuacha unyayo. *Serikali inalitambua tatizo hilo. Hatua zinaendelea kuchukuliwa.* Hakuwa mwongo. Alikuwa fundi wa kusema kweli kwa kipimo kisichomuumiza mkubwa yeyote, na kwa ufundi huo aliheshimiwa, ingawa hakuna aliyekumbuka kumwita watu walipokwenda kula mchana.

Swali hili halikuwa na ugumu. Orodha ya watumishi ilisema: Terikiata, muuguzi mmoja, nafasi imejazwa. Jina: Nei Mweretaka. Rotia hakuhitaji orodha imjulishe jina hilo. Walikulia nyumba zinazotazamana, wakalala mkeka mmoja, wakapanda meli moja kuja kusoma mji mkuu wakiwa na sanduku moja la nguo baina yao. Mmoja alirudi kisiwani na sindano, mwingine akabaki mjini na kalamu. Mwanzoni waliandikiana. Kisha wakatumiana salamu kwa midomo ya wasafiri. Kisha salamu nazo zikachoka njiani.

Na tangu Oktoba ya mwaka uliopita palikuwa na jambo jingine. Barua ilifika kutoka halmashauri ya kisiwa, imeandikwa kwa mkono: *Muuguzi wetu ametuacha tangu tarehe tisa Septemba. Tunaomba mwingine kwa haraka.* Rotia aliisoma akaona aibu imempanda usoni. Mweretaka, kama alivyokuwa tangu utoto, alishikwa na hamu ya safari akajiondokea, pengine kumfuata mumewe kisiwa kingine. Basi akaandika barua ya onyo kwa mtoro wa kazi, akaitia ukali kuliko ada, kusudi asije mtu akasema Rotia anawabeba watu wa kwao. Mweretaka hakujibu. Rotia alingoja mwezi, akangoja wa pili, hatimaye akaona na yeye ana haki ya kukasirika. Kimya kikalea kimya.

Kwa kuwa orodha haikuwa imebadilishwa, angeweza kuandika "Ndiyo," akataja jina, akaenda zake nyumbani. Lakini yale maneno mawili ya mwisho yalimkwama kama mwiba wa samaki. *Ni nani?* Mwalimu Biribo alimjua kila mtoto aliyezaliwa Terikiata. Hakuwa mtu wa kuuliza jina asilolijua.

Alipiga simu ya halmashauri. Karani aliyepokea alikuwa kijana, na sauti yake ilikuja na kupotea.

"Sema haraka, dada. Wingu likipita hapa juu, umeme wa jua unakata."

Rotia akasema anaulizia muuguzi. Amerudi kituoni?

"Nani anauliza?"

"Wizara."

Rotia alidhani wingu limepita.

"Wizara gani hiyo isiyowajua wafu wake?" kijana akasema. Hakupandisha sauti. "Mweretaka tulimzika Septemba. Tuliwaandikia."

"Mliandika ametuacha."

"Ndiyo, ametuacha. Ulitaka tuandikeje?"

Kijana, labda kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza, akaendelea. Ilikuwa homa ya siku nne. Mweretaka ndiye peke yake kisiwani aliyejua kutafuta mshipa, na mshipa wa mtu mwenyewe hautafutiki. Aliwaelekeza namna ya kumtundikia dripu, nao wakachoma wakakosa, akawa anawacheka huku anakufa. Tangu hapo wanawake watano wamejifungua kwa mikono ya bibi zao. Mmoja alirudi nyumbani bila mtoto.

"Halafu mkajibu," kijana akasema. "Meli ya Novemba ikaleta barua ya serikali, juu imeandikwa jina lake. Tukadhani ni rambirambi. Watu wakaitwa maneaba, jumba letu la mkutano, wakaketi kila ukoo mahali pake, mama yake akawekwa mbele, ikasomwa kwa sauti. Kumbe ameacha kazi bila ruhusa. Ajieleze ndani ya siku kumi na nne."

"Nani aliisoma?" Rotia aliuliza, asijue kwa nini anauliza hilo.

"Mimi. Niliisoma mpaka mwisho, maana nilidhani mwishoni watasema neno. Imesainiwa na mtu wa huku huku kwetu, Rotia. Bado yupo hapo kwenu, huyo?"

"Yupo," Rotia alisema. Mara umeme ukakatika, au kijana alikata mwenyewe.

Mchana ule hakula. Mambo ya miezi iliyopita yalimrudia moja moja, na kila moja lilikuja limegeuza uso. Wanawake wa Terikiata waishio mjini walikuwa wamesogea mbali naye kwenye benchi la kanisa. Yeye alidhani wanamwonea kijicho cha cheo. Kwenye mikusanyiko yao alikuwa ameacha kwenda zamani, kwa kuwa kila mmoja pale alimgeuza mlango wa kupitia kwenda wizarani. Msiba ulitangazwa redioni, bila shaka, na ukaliliwa na watu wa Terikiata waliokuwa mjini. Yeye nyumbani kwake hakuwasha redio, kwa kuwa sauti za watu wengi zilimkumbusha kuwa yuko peke yake. Alikuwa amejijengea ukuta kuzuia maombi, na ukuta haukujua kutofautisha ombi na taarifa ya kifo.

Aliandika jibu ukurasa mzima, lenye tarehe zote. Muuguzi alifariki tarehe tisa Septemba. Barua ya kumwomba mwingine ilipokewa tarehe mbili Oktoba. Badala ya muuguzi, ofisi ilipeleka onyo kwa marehemu. Katibu Mkuu, Ten Iakobwa, alilisoma mara mbili, akavua miwani.

"Nei, unataka Waziri avuliwe nguo nchi nzima ikisikiliza?"

"Wanajua tayari, Ten. Walioko kule wote wanajua."

"Kujua ni kwao. Kusema ni kwetu." Akachukua kalamu, akafuta mistari yote isipokuwa nusu ya mmoja, akaongeza maneno machache. *Nafasi hiyo kwa sasa iko wazi, na hatua zinachukuliwa.* Akamrudishia karatasi. "Si uongo huo."

Si uongo, Rotia alikiri moyoni. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Katibu kuandika hivyo.

Alhamisi asubuhi aliketi kwenye benchi la maofisa, nyuma ya Waziri. Ten Biribo alisimama upande wa pili, mfupi, shati jeupe lililonyooshwa kwa uangalifu wa mjane. Alisoma swali lake. Waziri akasoma jibu lake. Spika akauliza kama kuna swali la nyongeza.

"Lipo, Mheshimiwa Spika. Nafasi iko wazi tangu lini, na muuguzi aliyekuwapo yuko wapi?"

Waziri, bila kugeuza kichwa, akanyoosha mkono nyuma. Ndivyo ilivyokuwa ada: mkono hunyooka, karatasi hutiwa kiganjani, jibu hupatikana. Rotia aliandika haraka: *Tangu 9 Septemba. Amefariki.* Waziri akakitazama kikaratasi, shingo yake ikabadilika rangi. Akasema kwa masikitiko kwamba mtumishi huyo alifariki Septemba iliyopita, na kwamba taratibu za kumpata mwingine zilichelewa.

Ten Biribo hakuketi. Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua taratibu.

"Mheshimiwa Spika, hii ni barua ya wizara. Imemwonya marehemu kwa utoro." Mbunge mmoja alicheka, akakuta yuko peke yake, akaacha. "Nafahamu nitaambiwa ni ofisi. Lakini ofisi haina mkono wa kushika kalamu. Naomba Waziri aliambie Bunge, barua hii aliiandika nani?"

Mkono ukanyooka tena. Rotia alikitazama kile kiganja kilichokuwa kinamngoja, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa aliona kuwa ni mkono wa mtu, una jasho. Aliandika maneno matatu: *Ni mimi. Rotia.* Akakitia kikaratasi kiganjani.

Waziri alisoma. Hakugeuka. Alikiweka kikaratasi chini ya glasi yake ya maji, akasema kwamba suala hilo ni la kiutendaji na kwamba jibu la maandishi litawasilishwa. Spika akaita swali namba thelathini na mbili, la gati ya kisiwa kingine. Rotia aliketi mikono mapajani. Hakujua kwamba kuna upweke wa namna hiyo: kuungama mbele ya nchi nzima, na ungamo likabaki kuloana chini ya glasi.

Wakati wa chai maofisa wenzake walipata kila mmoja shughuli ya kwenda upande mwingine. Ten Biribo alikuwa ukingoni mwa ukumbi, anakunywa chai na mkate, akitazama maji ya wangwa nje.

"Mwalimu," Rotia alisema. "Ile barua niliandika mimi."

"Najua, mwanangu. Jina lako liko chini. Ile R yako bado mguu mmoja mfupi, nilikukemea sana, hukusikia."

"Mbona hukunitaja?"

Mzee alitafuna mkate wake mpaka ukaisha. Alisema kwamba alikusudia kumtaja. Alilala na hasira hiyo miezi mingi, akaamka nayo, akaipanda meli nayo. Lakini kabla ya kuondoka alikwenda kumuaga mama yake Mweretaka, na yule mama akamshika mkono.

"Akaniambia, kaulize habari za muuguzi, maana watoto wanazaliwa. Rotia mwache. Huyo ni wa kwangu, si wa Bunge."

Akatikisa kikombe, akamwaga machicha ya chai, akaondoka kwenda kuketi na wabunge wenzake.

Jibu la maandishi Rotia aliliandika kwa muda usiozidi ule wa kupika wali. Aliweka tarehe zote, akaweka na jina lake. Ten Iakobwa alikaa nalo siku mbili. Lakini redio ilikwisha sema, na visiwa vyote vilikwisha sikia, na mtu hafungi mlango wa nyumba iliyoezuliwa paa. Akatia saini. Wiki iliyofuata muuguzi mpya, Nei Aom, alipangiwa Terikiata, na Rotia akahamishiwa bohari ya dawa, mahali pasipokuwa na maswali ila ya idadi ya makasha. Hakulalamika. Aliomba likizo, akapanda meli ileile iliyompeleka Nei Aom.

Bahari ilikuwa na mawimbi siku tatu. Nei Aom alitapika na kucheka, akauliza kama watu wa Terikiata ni wakali. Rotia akamwambia, si wakali, ila wana kumbukumbu.

Walipoteremka, watu walimzunguka muuguzi kwa mashada ya maua, wakamchukua kwa nyimbo mpaka maneaba. Rotia hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemkaribisha. Karani kijana alimtazama, akalijua jina bila kuambiwa, akachukua mfuko wake, akamwelekeza kwa kidevu njia ambayo Rotia aliijua vizuri kuliko yeye.

Nyumba ya kina Mweretaka ilikuwa palepale. Ile ya kina Rotia, upande wa pili, ilibaki nguzo tu. Mama yake Mweretaka, Nei Kaeua, aliketi juu ya ulingo wake akichana majani ya mkadi kwa ajili ya mkeka, miguu ameinyoosha kama msichana. Hatua chache kutoka ulingoni palikuwa na kaburi lililozungushiwa mawe meupe ya tumbawe, limefagiwa.

"Nasikia nyimbo," Nei Kaeua alisema. "Amekuja?"

"Amekuja, mama."

"Anajua kuzalisha?"

"Anajua."

"Ana mume?"

"Hana."

"Atapata. Huku wanaume hawana kazi." Akachana jani jingine, akalinyoosha juu ya goti, akaliweka na wenzake. "Na wewe. Ulikuwa wapi?"

Rotia alifungua kinywa. Sentensi zilimjia, zote, zilizonyooka na zisizo na unyayo, zikapanga foleni nyuma ya meno yake kama watumishi watiifu. Aliziacha zipite. Alivua viatu, akapanda ulingoni, akaketi upande ule ambao zamani walikuwa wanaketi wawili. Nei Kaeua alimsukumia fungu la majani, bila kumtazama, naye akachukua moja. Vidole vyake vilikuwa vimesahau. Jani likachanika vibaya.

Kule maneaba walikuwa wameanza kucheza, na vishindo vya miguu vilifika mpaka kwenye mbao za ulingo. Alitaka kuanza mahali fulani, na mahali pote palikuwa mbali. Mwishowe alisema jina tu, jina ambalo kwa muda mrefu alikuwa ameliandika bila kulitamka.

"Mweretaka."

Mama aliacha kuchana.

"Naam," akaitika badala ya mwanawe.