Kemu Mpya ya Katekista

Mwaka 1956, Ambrosi, katekista wetu, aliirudisha pikipiki yake gerejini kwangu Iringa ikigonga ka-ka-ka. Wiki moja tu kabla ya hapo nilikuwa nimeifunga kemu mpya, kile chuma cha ndani ya injini kinachofungua na kufunga valvu. Niliweka bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, nikasikiliza. Kama nilikosea kuifunga, nani ataniletea tena pikipiki?

Nilimwaga oili, ikatoka inang'aa unga wa chuma. Nikafungua injini. Kemu imelika kama sabuni!

"Umeiendeshaje, katekista?" nilifoka.

"Nimefika Ilula tu, fundi. Kila mzee niliyemkuta nilisimama kumwamkia. Sikuizima, niliiacha ingurume taratibu."

"Taratibu! Kemu mpya ikinguruma taratibu oili haiifikii! Na salamu zetu hizi, mpaka umalize watoto, ng'ombe na mvua! Mjinga gani..."

Nilikumbuka siku aliyokuja kuichukua. Niliiwasha mwenyewe, nikaiacha inanguruma taratibu, nikamuuliza habari za mama yake, za wanawe, za mahindi, mpaka chai ikaisha birikani.

"Mjinga gani, fundi?" Ambrosi aliuliza kwa upole.