Mistari Minne

Nilikuwa nimeshasuka mistari minne kwenye kichwa cha mwanamke aliyemchukua baba yangu, na yote minne niliivuta kwa makusudi. Msusi anajua kuvuta bila kuonekana: unabana nywele chini kabisa, kwenye shina, kisha vidole vinaendelea kwa adabu kana kwamba havikufanya kitu. Yeye alivumilia, mikono mapajani, machozi yakimlengalenga.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na ulimi mkali. Miaka mitatu kabla, mwanamke huyu alikuwa akiimba kwaya bega kwa bega na mama yangu, wote sauti ya pili. Baba alipohamia kwake, mama alihama sauti lakini hakuhama kanisa. Hilo lilinikera kuliko yote. Ningekuwa mimi, ningehama hata mji.

Asubuhi hiyo alikuwa amesimama mlangoni pa saluni yetu ya viti viwili, amekonda, kitambaa kichwani. Keshokutwa alikuwa anafanyiwa upasuaji, akasema, na alitaka kuingia hospitali kichwa kikiwa nadhifu. Wasusi wawili walishamkataa kwa kuogopa nywele zinazong'oka. Baba naye alikuwa amefungasha virago tangu ugonjwa ulipoanza. Kwa kufungasha, baba hakuwa na mpinzani.

Mama alisogeza kiti kwa mguu. "Keti," akasema. Kisha akanigeukia, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa rangi ya mteja mwingine: "Mwanangu, mwanzie."

Basi nikamwanzia.

Mama alipomaliza kusuuza ile rangi, alikuja akasimama nyuma yangu. Alipitisha kidole pembezoni mwa paji la uso la mgonjwa, palipokuwa pameanza kutoka vipele.

"Umevuta."

"Ndiyo."

"Mwache tu, dada," mwanamke akasema. "Ana haki."

"Hana haki. Ana uchungu," mama akajibu. "Samahani, mdogo wangu. Naifumua."

Mdogo wangu! Nilitaka kutoka nje, lakini mama alinipa kopo la mafuta nimshikie. Alifumua kazi yangu kwa ncha ya kitana, taratibu, akapaka mafuta kwenye vipele, akaanza upya. Mama yangu, aliyeweza kusuka huku anasinzia, alikosea mstari mara mbili. Ndipo nilipoona kwamba alikuwa anaumia kuliko mimi, na nilimhurumia mno hata hasira yangu ikakosa pa kukaa.

Tulipobaki wawili nilimwuliza kama amemsamehe.

"Bado," akasema, akifagia. "Miaka mitatu napiga magoti. Asubuhi nasema nimesamehe, mchana namkumbuka, naanza moja."

"Sasa umemsuka kwa nini?"

"Yesu aliniambia nimfuate. Hakuniambia nisubiri mpaka moyo ukubali. Mikono imetangulia, moyo utakuja nyuma." Alijifuta macho kwa kiwiko. "Na usinifanye mtakatifu. Nilipomwona pale mlangoni nilitamani nimmwagie ile rangi yote."

Tulicheka, yeye kaegemea ufagio, mimi kopo la mafuta bado mkononi. Nilimpenda mama siku ile kwa namna ambayo sikuwahi kumwambia.

Upasuaji ulikwenda salama. Wiki saba baadaye mwanamke yule alirudi, kitambaa kilekile kichwani. Mama alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Aliponikuta peke yangu aliuliza mama atarudi saa ngapi, nikamwambia jioni, akageuka aondoke.

Nitasema ukweli: moyo wangu haukuwa umebadilika hata kidogo. Sikusikia sauti yoyote, wala sikuwa na wema wa kutoa. Nilikuwa na kiti kitupu na mikono miwili.

"Keti, mama mdogo," nikasema.

Alisita, akaketi. Nilimfumua nywele zote, nikazichana, nikaanza mstari wa kwanza.

"Inauma?"

"Kidogo."

Nikalegeza.