Kadha ya Vidonge

Mzee Luqman, fundi makochi mstaafu, alikuwa na hadithi ya kila kitu isipokuwa ugonjwa wake. Ukimkuta kwenye ngazi za nyumba yao kule Bellevue, Johannesburg, nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba mpaka jiko nalo likapata wapangaji wawili, angekueleza alivyowahi kushona kochi laini, bwana mmoja wa Jeppestown akalikalia Jumatatu akazama, asionekane tena mpaka siku ya Idi, amenenepa, anaulizia chai. Angekueleza mvua ya mawe ya mwaka ule alipofika Johannesburg akitokea Tanga, mawe makubwa kama madafu, akayakusanya kwenye beseni na kuyauza kwa wenye harusi. Watu walijua anaongopa, naye alijua kwamba wanajua, na hakuna aliyeinuka kabla hadithi haijaisha.

Lakini mpeleke kliniki. Huko Mzee Luqman alibaki na maneno mawili tu: "Yes, sista." Daktari akiingia, anabadilisha kidogo: "Yes, dokta." Kiingereza chake kilitosha kuuza kochi, kupatana bei ya sponji, na kumtukana dereva wa teksi aliyepita robot, yaani taa ya barabarani, ikiwa nyekundu. Kiingereza cha kueleza habari za tumbo mbele ya binti wa watu aliyevaa sare hakikuwahi kumfikia. Tena alilelewa na mama aliyemfundisha kwamba mwenye elimu akikuuliza kama umeelewa, jibu la adabu ni moja tu.

Basi miaka mitatu ya kisukari ikapita kwa "yes".

Ijumaa moja ya mwezi wa nane, mwaka 2017, baridi ikiwa bado inauma masikio, daktari wake, kijana wa Kizulu mwenye macho ya mtu asiyelala, alimtoboa kidole akasoma kimashine. Kumi na tisa. Mwezi uliopita kumi na nane, na uliotangulia hivyo hivyo. Kliniki ya kisukari ilikuwa Ijumaa, na kila Ijumaa sukari ya mzee ilikuwa juu ya paa.

"Dawa umemaliza?"

"Yes, dokta." Na kweli alimwaga mezani makaratasi ya vidonge, yote matupu, hakikubaki hata kimoja. Mgonjwa wa mfano.

Daktari akashusha pumzi. Kama mtu anameza kila kidonge na sukari haishuki, basi vidonge vimeshindwa. Akaandika: kuanzia leo aongezewe kidonge kingine, mwezi ujao aanze sindano. "Umeelewa, baba?"

"Yes, dokta."

Alichoelewa ni sindano peke yake. Mbele ya macho yake ilisimama ile ndefu aliyoshonea ngozi ya makochi, inayopita mbao na msumari. Akainuka. Daktari akamwambia kabla hajaenda dirisha la dawa apitie chumba namba sita, kuna dada mpya anayesema Kiswahili.

Chumba namba sita zamani kilikuwa stoo ya mafagio, na harufu ilikuwa haijahama. Ndani alikaa Murielle, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyekuwa muuguzi Bukavu kwa miaka minane. Vyeti vyake vya huko vilikuwa bado vinazungushwa ofisi kwa ofisi, kwa hiyo kliniki ilimchukua kueleza wagonjwa kwa lugha za kwao. Kiti chake kilikuwa kizima. Cha mgonjwa kilikuwa kimepasuka katikati, sponji imetoka kama ulimi wa ng'ombe.

"Karibu, Papa. Ikala. Miye ni Murielle, natokeaka Bukavu."

Mzee akakikagua kiti kwanza. "Hiki ndicho kinachohitaji sindano, si mimi." Akakaa kwa tahadhari. "Bukavu, eh? Niliwahi kumshonea kochi mtu wa Bukavu. Miguu mirefu huyo! Kochi lilianzia Jeppestown likaishia Fordsburg, upande wa pili wa jiji."

"Huyo ni mjomba wangu," Murielle akajibu bila kupepesa. "Mpaka leo anatafutaka soksi."

Mzee Luqman akamtazama upya. Miaka arobaini ya kuongopa, na hakuna aliyewahi kumrudishia mpira haraka namna ile.

Murielle akatoa kopo la vidonge vya mfano, vya aina zile zile za mzee, akavimwaga mezani. "Papa, hapa miye siulizake mutu kama ameelewa. Kila mutu anasema ndiyo, tena ndiyo ya heshima. Kama kitu haikueleweka, aliyeeleza vibaya ni sisi. Sasa wewe ndiyo utaeleza. Tuseme miye ni mama wa nyumbani, sijue kitu. Uninyweshe hizi dawa wiki nzima, kuanzia Jumatatu."

Heh! Miaka mitatu ameulizwa maswali ya ndiyo na siyo. Leo ameombwa hadithi. Mzee akavuta kiti, akakunja mikono ya koti.

"Jumatatu asubuhi," alianza, "anaingia huyu mkubwa mweupe na huyu mdogo, kama bwana harusi na mpambe wake. Mchana bwana harusi anatembea peke yake. Jioni wanarudi wote wawili. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi ndiyo usiseme."

"Muzuri sana. Ijumaa?"

"Ijumaa wanapumzika. Jumamosi alfajiri nalipa kadha."

Kalamu ya Murielle ikasimama. "Kadha ni nini, Papa? Miye ni mutu wa kanisa."

Mzee akafurahi kupata mwanafunzi. Akamweleza kwamba Mwislamu ikimpita sala kwa udhuru, sala ile haipotei. Anaiswali baadaye, na hiyo ndiyo kadha. "Basi na vidonge ni vivyo hivyo. Mimi si mtu wa kutupa dawa ya watu. Vya Ijumaa navilipa Jumamosi, pamoja na vya asubuhi ya Jumamosi yenyewe. Ndiyo maana mfuko wangu mtupu kila mwezi. Muulize dokta!"

"Nionyeshe ile ya Jumamosi asubuhi. Hapa juu ya meza."

Akahesabu kwa kidole cha fundi, kimoja kimoja. Vikubwa vinne. Vidogo vitatu. Vyote mara moja, na maji ya baridi, kabla ya kula kitu.

Murielle aliviangalia vile vidonge saba kama mtu anayeangalia nyoka amelala kitandani. "Na kiisha kumeza, unajisikiaka namna gani?"

Mzee akafungua mdomo. Alitaka kusema kwamba kila Jumamosi anapigana mieleka na simba, na simba ndiye anayeomba maji. Simba hakuja. Binti alikuwa ametulia, amemwelekezea uso, hana haraka, na uongo ukakosa pa kukaa.

"Natetemeka," akasema. "Jasho linanitoka kwenye baridi hii. Macho yanaingia giza. Wiki mbili zilizopita nilianguka kwenye bomba la uani. Mke wangu Zabibu akaninywesha chai ya vijiko vinne vya sukari, nikarudi. Nikamwapisha asimwambie mtu. Nikasema ni baridi ya Joburg."

"Haikuwa baridi, Papa. Sukari ilishuka mpaka chini. Mama Zabibu alikuponyesha, na hajue." Akakivuta karibu kile kikaratasi cha daktari. "Leo Ijumaa wamekupima, haujameza kitu tangu jana, wanakuta sukari iko juu. Mfuko uko mutupu, wanasema dawa imeshindwa. Wanakuongezea. Kesho ni Jumamosi, Papa. Ungelipa kadha na hii mupya ndani. Hata chai ya Mama Zabibu haingekuamsha."

Nje mtu alikuwa anaita namba. Mzee Luqman akagundua kidole chake kimezama kwenye sponji ya kiti mpaka kwenye ubao.

"Sasa uniambie kimoja tu," Murielle akasema. "Juu ya nini Ijumaa haumezi?"

Mzee akatazama mlango. Murielle akainuka, akaufunga, akavuta kiti chake wakae ubavu kwa ubavu, wote wakiutazama ukuta wenye picha ya mtu anayenawa mikono. "Nimeosha wagonjwa miaka nane. Hakuna kitu inatokaka kwa mutu na sijaiona."

Ni rahisi kuuambia ukuta. Akauambia: kile kikubwa cheupe kinaendesha tumbo. Udhu haukai. Mwaka jana, msikitini Fordsburg, sala ya Ijumaa, yeye yuko safu ya kwanza kama kawaida yake, tumbo likamwita katikati ya sala. "Safu kumi na moja, mwanangu. Nimezipita zote kurudi nyuma, kama lori lililokatika breki. Kuna waliodhani msikiti unaungua." Toka siku ile, Ijumaa hamezi kitu.

Murielle alijikaza. Mabega yake yalikuwa yanamsaliti. Aliyecheka kwanza ni mzee mwenyewe, cheko la mtu aliyetua gunia, na hapo binti akajiachia mpaka akafuta machozi kwa kiwiko.

Kisha akatoka, akarudi na daktari. Kijana yule hakukaa. Hapakuwa na kiti. Alichuchumaa mbele ya mzee, akasikiliza yote, akasugua paji la uso, akasema maneno marefu ya chini chini.

"Anaomba umusamehe, Papa," Murielle akatafsiri. "Anasema kila mwezi anakuuliza kama dawa umemaliza. Hajakuulizaka hata siku moja unamaliza namna gani."

Mzee Luqman, aliyekuwa amejiandaa kukaripiwa, hakujua aweke wapi mikono. Daktari mzima, amechuchumaa, anaomba radhi kwa fundi makochi! Hiyo hata yeye asingethubutu kuitunga.

Kidonge kipya kikakatwa kwa kalamu. Sindano ikawekwa kando. Kikubwa kitaanza upya, kimoja tu, katikati ya chakula cha jioni, mpaka tumbo lizoee. Kisha wataongeza polepole. Kidogo ni kila siku asubuhi na jioni, Ijumaa ikiwemo, pamoja na chakula. Akianza kutetemeka, sukari hapo hapo, kisha ale, kisha aje. Na Ramadhani ikikaribia, asifunge kabla hawajakaa wakazungumza.

"Na ya mwisho," Murielle akasema. "Dawa haina kadha. Ikikupita mpaka saa ya ingine imefika, hiyo imeenda. Unaiacha."

"Yes—" Mzee akajikata mwenyewe. "Ngoja. Ngoja nirudishe."

Akarudisha. Mara ya kwanza alisahau habari ya kula baada ya sukari. Murielle hakumwambia amekosea, alisema hapo miye sikueleza vizuri, akaeleza tena. Mara ya pili mzee aliitiririsha yote mpaka kwenye Ramadhani.

Nyumbani Zabibu alisikiliza akiwa amesimama, halafu akakaa. "Kadha ya vidonge! Baba Ummi, miaka arobaini najua nimeolewa na fundi, kumbe nimeolewa na sheikh wa panadol!" Alimsema mpaka mchuzi ukakaribia kuungua. Kisha akashika ncha ya kanga, akauliza yule binti anaitwa nani.

"Murielle."

"Mu-ri-yeli." Alilirudia mara tatu, taratibu, lisimponyoke kwenye dua.

Jumamosi ile ikaja na kupita, na Mzee Luqman hakutetemeka. Alikaa na mashine yake akashona kitambaa cha kutundika, chenye vimfuko vya siku saba: vya asubuhi mahameli ya buluu, vya jioni ya kahawia, na safu ya Ijumaa ya kijani. Akakining'iniza karibu na birika, mahali ambapo mtu lazima apite akitaka chai.

Mwezi ulipotimia, Ijumaa, kidole kikatobolewa. Nane. Daktari akapima tena kwa kidole kingine. Nane. Akaitoa ile karatasi ya sindano kwenye faili, akaichana vipande viwili, akamkabidhi mzee kama cheti.

Mzee hakuondoka. Alikwenda chumba namba sita, Murielle akiwa ametoka kidogo, akakibeba kiti cha mgonjwa mpaka uani. Théodore, mlinzi wa mlangoni, Mkongo mwenye kifua cha kabati, akamzibia njia.

"Papa, unaiba kiti ya serikali mchana hivi?"

"Nakilaza wodini, mwanangu. Nipishe."

Kwenye begi alikuwa na nyundo, misumari midogo, sponji mpya na mahameli ya kijani iliyobaki. Akakichana kiti mbele ya foleni nzima, na huku mikono inafanya kazi, mdomo ukaanza. Aliwasimulia kadha ya vidonge, chai ya vijiko vinne, na safu kumi na moja za msikiti. Kwa mara ya kwanza maishani hakuongeza kitu, hata safu moja. Foleni ilicheka mpaka wenye kikohozi wakakohoa, na hakuna aliyemwamini.

Ila mama mmoja wa Kitanzania, Mwatumu, aliyekuwa amekumbatia mfuko wake wa dawa, hakucheka. Alisogea karibu na kuuliza kwa sauti ndogo, "Huyo dada yuko chumba gani?"

"Namba sita. Subiri kidogo tu, kiti chako hiki nakimalizia."

Akakirudisha mwenyewe. Murielle alikuwa amesharudi, amesimama katikati ya chumba anatafuta kiti kimekwenda wapi. Alipoona kile kijani kinaingia mlangoni, akaweka mkono kifuani.

Mzee alikuwa amekuja na hotuba ya shukrani, ndefu, yenye simba wawili na mvua ya mawe. Akaiweka kando. Akakipigapiga kiti mgongoni.

"Usikioshe kwa maji. Futa kwa kitambaa kikavu. Kila mwezi ugeuze mto wake, ili usibonyee upande mmoja. Na mtu akikaa hapa akawa na haya, usimharakishe, sponji hii nimeiweka nene makusudi. Umeelewa, mwanangu?"

"Ndiyo, Papa."

"Hapana bwana," akasema Mzee Luqman, na kwa mara ya kwanza akaketi kwenye kile kizima, cha kwake binti. "Hiyo ni ndiyo ya heshima. Nirudishie."

Murielle akakaa kwenye kijani, taratibu, akazama kidogo, akakunja mikono magotini.

"Nisiioshe na maji," akaanza.