Harufu ya Samaki kwa Anti Menna

Habari hii alinieleza Eifion Umeme mwenyewe, mwaka jana, wiki ile theluji ilipoanguka mara ya kwanza. Alikuwa jikoni kwangu akinifungia soketi ya birika. Wala sikumuuliza. Alisimama kidogo na bisibisi yake mkononi, akaanza kusema, na alipoanza hakunyamaza.

Huku kwetu majina ni machache na watu ni wengi, kwa hiyo mtu huitwa kwa kazi yake. Eifion ni Umeme. Na Anti Menna, bibi anayeishi peke yake, ni Menna Mkate, maana marehemu mumewe alikuwa mwokaji, ingawa tanuri lile lilizimwa zamani.

Basi Anti Menna alianguka akaumia nyonga. Akawa hawezi tena kuvuka ukingo wa bafu, akamwita Eifion amfungie shawa ya umeme. Shawa hiyo ni mlafi, inakula umeme kuliko kitu chochote ndani ya nyumba. Waya wake ni mnene, nao hauna njia nyingine ila darini, mpaka kwenye swichi ya kuvuta kwa kamba juu ya bafu.

Na dari zetu mnazijua. Walipita wale watu wa serikali wakazijaza sufi ya kioo, blanketi juu ya blanketi, mpaka inafika magotini. Baridi haiingii, lakini na joto halitoki. Ukiulaza waya wa shawa chini ya sufi ile ni sawa na kumfunika mtoto mwenye homa kwa mablanketi matano. Fundi anatakiwa aupitishe juu, upate hewa. Eifion alijua hayo kama anavyojua jina lake.

Lakini siku ile ilikuwa ya jua, paa la mawe linachoma kama kikaango. Sufi imemwingia shingoni, anawashwa, miwani imejaa ukungu. Na kuupitisha waya juu kulitaka atambae mpaka pembeni kabisa, pale paa linapoukaribia ukuta, na Eifion ana tumbo.

"Eifion! Chai inapoa!" Anti Menna aliita kutoka chini. "Na kuna bunda la sufi limebaki hapo kona, litandaze tu. Kitu kizuri kisipotee."

Akausukuma waya chini ya sufi. Kisha akachukua lile bunda lililobaki, akalitandaza juu yake. Akajiambia moyoni, nani atapanda huku? Akashuka, akanywa chai, akapewa mkate wa zabibu mzima apeleke nyumbani.

Majira ya baridi yakaingia. Anti Menna akaanza kusema nyumba yake inanuka samaki.

Akatupa kila kitu kilichokuwa kwenye friji. Akasugua mifereji kwa magadi. Kanisani wenzake wakamcheka: "Menna, umeolewa na mvuvi nini, mbona hukutualika?" Naye akacheka nao, lakini akirudi nyumbani ananusa mapazia.

Binti yake wa pekee, Delyth, akawa anakuja kutoka jiji la Cardiff kila mwisho wa wiki. Hakunusa kitu. Angenusaje? Anti Menna ana haya, hakutaka mwanawe amwone akihangaika na nyonga yake, kwa hiyo Delyth akiwapo haogi. Ijumaa usiku mpaka Jumapili shawa imelala, waya umepoa, hakuna harufu. Binti akiondoka, samaki anarudi.

Daktari akasema uzee wakati mwingine huanzia puani. Delyth akatafuta nafasi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, huko Cardiff. Anti Menna hakubisha. Alisema tu, "Labda kweli akili imeniaga, mwanangu. Ungeniambia mapema."

Eifion aliyapata hayo Ijumaa, kwenye foleni ya samaki na chipsi. Delyth alikuwa mbele yake.

"Namchukua Jumatatu," alisema, macho mekundu. "Ananusa samaki, Eifion. Tena anasema akitoka kuoga ndiyo zaidi."

Plastiki ya swichi ikiungua pole pole hunuka samaki. Kila fundi anajua.

Unadhani alisema? Hakusema. Alisema, "Pole sana, Delyth," akabeba chipsi zake mpaka nyumbani, zikapoa kwenye karatasi. Jumamosi hakwenda. Alikuwa akijiambia waya haujaungua bado, kisha akijiambia umeungua na nyumba itashika moto na Anti Menna ndani, na yote mawili yakamshinda.

Jumapili baada ya ibada akagonga mlango. "Nimekuja kukagua shawa. Bure tu."

"Ya nini, naondoka kesho," Anti Menna alisema. Sanduku lilikuwa mlangoni. Lakini akamruhusu.

Akazima umeme, akapanda. Akafunua sufi. Waya ulikuwa umelainika na kubadilika rangi kama peremende iliyoachwa juani. Boriti chini yake imeota mstari wa kahawia. Ile swichi ya kuvuta kwa kamba, nyuma yake ilikuwa nyeusi.

Akakaa juu ya boriti na ile swichi mkononi. Waya mpya ulikuwa kwenye gari lake. Angeweza kubadilisha kila kitu kabla ya chai na asijue mtu. Nyumba ingepona. Lakini kesho Anti Menna angepanda gari la Delyth kama mwendawazimu.

Akashuka. Akamwekea swichi chini ya pua.

"Anti, hebu nusa."

Anti Menna akanusa. "Samaki."

Delyth akampokonya, akanusa. Akakaa kwenye ngazi.

"Niliuficha waya chini ya sufi," Eifion alisema. "Nilijua haifai. Nilikuwa mvivu, basi. Na juzi kwenye foleni nilijua pia, nikanyamaza."

"Mama yangu angeungua usingizini!" Delyth alisema. "Na mimi nilishamwita mgonjwa! Toka, Eifion, kabla sijakupiga na hii ngazi!"

"Mwache," alisema Anti Menna. "Majira yote haya namwomba Mungu anirudishie akili, kumbe uliifukia darini kwangu. Ule mkate uliula?"

"Niliula, Anti."

"Wote?"

"Wote."

"Basi rudi juu. Na safari hii tambaa mpaka mwisho."

Akatambaa. Suruali ilipasuka, paa likamkwaruza kichwa. Delyth alishika ngazi. Waya mpya ukapita juu ya sufi, umefungwa kwenye mbao, unaonekana mwanzo hadi mwisho. Anti Menna akaoga huku binti yake yupo, akatoka na taulo kichwani, akanusa huku na huku. Hakukuwa na kitu ila sabuni.

Mlangoni Eifion akasema, "Nisamehe, Anti."

"Bado," alisema. "Njoo Jumatano, unywe chai. Tutaona."

Jioni ile ile, kabla hata chai yake haijaisha, Anti Menna alikuwa amesinzia kwenye kiti chake, na Delyth alilala kwenye sofa, mkono juu ya goti la mama yake, sanduku bado liko mlangoni limefungwa.

Kwake, Eifion hakulala upesi. Aliniambia alikaa ukingoni mwa kitanda akijikuna shingo na mikono. Mkewe alimwambia, "Nawa maji ya baridi, vijiuzi vya kioo hivyo vitatoka." Akanawa, akanawa tena. Vilikuwa havitoki. Alikuwa akihesabu siku mpaka Jumatano, mara anaitaka, mara anaiogopa, mpaka usingizi ukamchukua hapo hapo alipokaa, taulo mkononi.