Mkwe Juu ya Mkuyu

Baba mkwe wangu alipoishiwa nguvu za miguu aliomba kitu kimoja tu: amwone chui tena kabla hajafa. Chui ni mnyama wa ukoo wao, nao humwita Babu. Enzi za ujana wake, akichunga ng'ombe kule Butiama, chui walikuwa wakiishi kwenye miamba juu ya malisho, naye alikuwa akiwaamkia kwa heshima na kupita zake. Siku hizi miamba ile imebaki na pimbi.

"Nilikuwaga namwona Babu kila kiangazi," alimwambia mume wangu, Mniko. "Nikifa bila kumwona, huko nitawaambia nini wenzangu?"

Kumpeleka hifadhini haikuwezekana. Hata kumketisha kitini ni kazi ya watu wawili. Lakini mimi nina studio ya picha Mwisenge, mjini Musoma. Nimeshapiga harusi, misiba na pasipoti zisizo na idadi. Nikasema, chui ni nini? Nitamletea Babu kwenye fremu. Nina mdomo, najijua.

Mama mkwe wangu, Getruda, akasema anakwenda nami. Nikadhani anataka kunichunga nisiliwe.

Tulipanda gari la Kwangu, dereva wa Bunda anayezungusha watalii, tukaingia hifadhini kwa geti la Ndabaka asubuhi. Kiangazi kilikuwa kikali. Nyasi zilikuwa zimekwisha, vumbi jeupe limetanda hadi macho yanapoishia, ungesema tumeingia jangwani. Mama alifurahi kuliko mtoto, akawa ananiita kila dakika. "Mama Prudence, ona twiga. Mama Prudence, yule nyumbu kachoka kama baba yako mdogo." Kila mnyama alimnyooshea kidole na kumtafutia ndugu wa kufanana naye. Mimi nilikuwa nimenuna. Lenzi ndefu niliyoazima ilikuwa inanivunja shingo, na siku ilikuwa inakwenda. Simba tuliwaona, wamelala. Sikuwapiga hata picha moja, sikutumwa simba.

Mchana tukafuata kingo za mto Grumeti. Ghafla Mama akanyamaza. Akavuta kitenge mpaka usoni, akanigeukia mimi, dirisha akalipa mgongo.

"Mama, gari linakuchefua?"

"Hapana."

"Sasa mbona umejifunika?"

Aliinamisha kichwa, akakunja mikono mapajani, na hapo nikakumbuka mkao ule nimeuona wapi. Ni mkao wangu mwenyewe, kila baba mkwe anapoingia mahali nilipo. Kwetu mkamwana hamkodolei macho baba mkwe, hataji jina lake, wala hali chakula mbele yake. Na chui, kwa mwanamke aliyeolewa katika ukoo ule, ni baba mkwe.

Nikamwambia Kwangu asimame. Nikatazama kule ambako Mama hakutaka kutazama. Palikuwa na mkuyu, na kwenye tawi lake la chini mkia ulikuwa unaning'inia.

"Piga haraka tuondoke," Mama alisema kwa sauti ya chini, akiongea na magoti yake. "Mkwe hakodolewagi macho."

Chui aliinuka, akanigeuzia uso mzima, macho yake rangi ya chai. Nikabofya, nikabofya tena. Kisha akashuka upande wa pili bila haraka na kupotelea kwenye magugu. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Nikamcheka na Mama pia, nikawa namwita bi harusi njia nzima mpaka Bunda, naye akanifinya paja.

Niliisafisha picha kubwa, nikaitia fremu ya kioo, tukaipeleka Butiama. Kitanda cha mzee kiko sebuleni ili wageni wamsalimie kwa urahisi. Mniko akaitundika ukutani mbele yake. Mzee aliitazama mpaka machozi yakamtoka, akasema, "Shikamoo, Babu." Mniko akatoka nje, na nilijua anakwenda kulia. Mama alikuwa jikoni, hakuja. Mimi nilijiona mtu kweli siku ile.

Wiki iliyofuata tukapigiwa simu: mzee amekataa kula, chakula kinarudi kama kilivyokwenda. Nilishikwa na woga. Nikafikiri, basi, amekwishakiona alichokuwa anakisubiri, sasa anatuaga. Tukaenda siku hiyohiyo.

Nilisimama mlangoni pa sebule. Mama aliingia na ugali na sato, kichwa amefunika, macho chini. Akamnawisha mzee, akaweka sahani, akatoka bila kuketi. Tangu miguu ya mzee ife, walikuwa wakila sahani moja, Mama akimtolea samaki miiba na kumsema kwa kumega matonge makubwa. Sasa alikwenda jikoni, na tukamsikia anakula peke yake. Angelaje pale? Baba mkwe alikuwa ukutani, anamtazama.

Mzee aliangalia sahani, akaangalia picha.

"Mniko," aliita. "Mshushe Babu. Mpelekeni Musoma."

"Baba, si ndiye uliyemtaka?"

"Nimeshamwona, nimeridhika." Akageuza kichwa kuelekea jikoni. "Mama yako ndiye sijamshiba."

Mniko akaishusha picha na kuitoa nje. Mama akarudi, safari hii kichwa wazi, akaketi ukingoni mwa kitanda na kuanza kumtoa samaki miiba. "Tonge gani hilo," alisema. "Unataka kupaliwa unisumbue?" Mzee akala mpaka sahani ikaisha.

Picha sasa iko kwangu studio, juu ya meza yangu. Wateja wanaisifu. Ukifika mchana nabeba bakuli langu na kwenda kula nje kwenye ngazi, jua likiwaka au mvua ikinyesha. Hilda wa duka la jirani aliniuliza kama humo ndani kuna joto. Nikamwambia hapana, kuna mkwe.